Kingi, Kapteni na Manju: Uongozi wa Ngoma ya Beni katika Pwani ya Rufiji na Jirani Zake

Beni ni ngoma ya gwaride iliyozaliwa katika pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga muziki, band, na umbo lake limetokana na majeshi: wachezaji hujipanga mistari, huvaa sare au kitu kinachofanana na sare, hupiga hatua za pamoja kwa mdundo wa ngoma kubwa na ndogo, na mbele yao hulia zumari au tarumbeta. Kinachoipambanua beni na ngoma nyingine za pwani si ala wala mwendo, bali vyeo. Kila kundi lilikuwa na kingi wake, yaani mfalme, na chini ya kingi palikuwa na majenerali, makanali, makapteni, makarani na madaktari, kila mmoja na kazi yake na mahali pake katika msafara. Asiyeelewa ngazi hiyo ya vyeo ataiona beni kuwa uigaji wa Wazungu tu, na hivyo ndivyo maofisa wengi wa kikoloni walivyoiona mwanzoni.

Delta ya Rufiji ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa hewa ya bahari na hewa ya jeshi, zilizoijaza ngoma hii, zote mbili zilipita hapo. Mto unapokaribia Bahari ya Hindi unagawanyika katika mikono mingi, ukiwamo Simba Uranga, Kikunya na Msala, na kati ya mikono hiyo umeota msitu wa mikoko wenye ukubwa wa takriban hekta 53,000. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja hapa kupakia boriti. Boriti za Rufiji ziliezeka nyumba za Unguja, za Arabuni ya kusini na za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1898 Wajerumani waliutangaza msitu wa delta kuwa hifadhi ya serikali, na Salale ikawa kituo cha kusimamia ukataji wake.

Mabaharia waliopakia boriti hizo walitoka katika nchi zenye muziki wa kiriba. Katika pande zote mbili za Ghuba ipo zumari ya kiriba, ambayo Waarabu huiita jirba au habban: ngozi ya mbuzi hujazwa hewa kwa mdomo, mpigaji huibana kwa kwapa, na hewa hutoka kupitia bomba lenye matundu ya vidole. Ni ndugu wa ala ile ambayo Waskoti wameifanya alama ya vikosi vyao. Nchini Oman hizi mbili zimekutana, na leo bendi za kijeshi za nchi hiyo zina wapigaji wa zumari za Kiskoti, wengine wakipiga wakiwa juu ya ngamia.

Pwani ya Waswahili haikukichukua kiriba. Ilishika zumari yenyewe, ya mti, yenye ulimi uliokatwa kwa jani la mnazi au mvumo. Lakini hitaji ni lile lile la sauti isiyokatika, na mpiga zumari wa pwani hulitimiza kwa mashavu yake. Huyajaza hewa, huisukuma nje huku akivuta pumzi nyingine kwa pua, na wimbo huendelea bila pengo. Mashavu ndiyo kiriba chake. Kujifunza ufundi huo huchukua muda mrefu, na ndiyo sababu mpiga zumari hodari alikuwa mtu wa kubembelezwa. Katika ngoma nyingi za pwani alialikwa, akalishwa, akatunzwa fedha mbele ya watu, na kiongozi aliyemkosa siku ya mashindano alijua kwamba ameshindwa kabla ya kuanza.

Muziki wa gwaride uliingia pwani kwa milango zaidi ya mmoja. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya kifalme yenye wapigaji wa Kigoa, na watu wa mji walizoea kuisikia ikipiga mbele ya kasri. Karibu na Mombasa, katika kijiji cha Frere Town kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, vijana walifundishwa kupiga ala za shaba na kutembea kwa safu. Kisha wakaja wanamaji na askari wa Kiingereza na wa Kijerumani, na baragumu zao za asubuhi na jioni. Vijana wa miji ya pwani walisikiliza yote hayo, wakachagua, wakayatia katika kitu ambacho pwani ilikuwa nacho tangu zamani: mashindano ya mitaa.

Jambo hili la mashindano ni la kukaziwa, maana hapo ndipo beni inapoonekana kuwa ya wenyewe. Kabla ya Mzungu yeyote kupiga tarumbeta, miji ya Waswahili iligawanyika pande mbili mbili, mtaa kwa mtaa au ukoo kwa ukoo, na kila upande ulishindana na mwenzake kwa ngoma, kwa mashairi ya kujibizana na kwa karamu. Heshima ya upande ilipimwa kwa idadi ya ng'ombe waliochinjwa na kwa ukali wa beti zilizotungwa. Beni iliingia katika mfereji huo uliokwisha chimbwa. Mombasa, mashindano makubwa yalikuwa kati ya kundi lililoitwa Kingi na kundi lililoitwa Skochi. Skochi, kama jina linavyosema, lilijinasibisha na Waskoti, na hapo ndipo ngoma ya Waswahili ilipomkaribia zaidi mpiga zumari wa kiriba wa nyanda za juu za Uskoti. Wapinzani walitaka kila kundi liwe na nembo yake isiyochanganyika na ya wenzao, na Uskoti ulikuwa nembo inayoonekana kwa mbali. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama vilivyopambana kwa namna hiyo hiyo.

Katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, yaani Tanganyika ya baadaye, pande mbili zilijulikana kama Marini na Arinoti. Jina la Marini lilitokana na askari wa majini. Kundi hilo lilijihesabu kuwa la waungwana wa mji, watu wenye elimu na kazi za ofisini, na Arinoti lilikusanya zaidi watu wa kazi za mikono na wageni kutoka bara. Mpaka huo haukuwa ukuta. Palikuwa na waliohama upande, na kila mji ulikuwa na desturi zake. Tanga na Dar es Salaam ndiyo miji iliyokuwa na vikundi vyenye nguvu kabla ya mwaka 1914, na kutoka huko majina hayo mawili yalifuata njia za watu wa kazi.

Rufiji ilikuwa kwenye njia hizo. Bonde na delta yake viko kati ya Dar es Salaam na Kilwa, na watu wake, Warufiji, Wandengereko na Wanyagatwa, walikwenda mjini kufanya kazi na kurudi msimu wa kilimo. Ilikuwa pia nchi iliyoyajua majeshi kwa uchungu. Mohoro, kusini mwa delta, ndiko Wajerumani walikomnyonga mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe mwezi Agosti 1905, siku chache baada ya vita vya Maji Maji dhidi yao kulipuka katika vilima vya Umatumbi. Kwa serikali iliyotoka katika vita hivyo, mkusanyiko wowote wa watu wenye kiongozi, wimbo na siri ulikuwa jambo la kuangaliwa kwa jicho la wasiwasi. Kumbukumbu hiyo inaeleza sehemu kubwa ya hofu ambayo beni iliamsha baadaye.

Halafu vita vya 1914 vikaja hadi ndani ya mikoko. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliifunga midomo ya mto. Walileta ndege zilizotumia kisiwa cha Mafia baada ya kukiteka Januari 1915, na mwishowe wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo ziliweza kupanda mto. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliopolewa na kukokotwa hadi Dar es Salaam na vikosi vya watu waliovuta kamba kwenye matope na mchanga, na mabaharia wake wakageuka askari wa nchi kavu chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck. Mapema mwaka 1917 mstari wa vita ulisimama kwenye Rufiji yenyewe. Mvua ya mwaka huo ilifurisha bonde lote, na njaa na maradhi viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi.

Wapagazi hao, na askari wa pande zote mbili, ndio walioieneza beni. Kambini, jioni, mtu wa Tanga, wa Rufiji na wa Unyamwezi walikuwa na lugha moja, Kiswahili, na ngoma moja ambayo haikuwa ya kabila lolote. Askari wa Wajerumani waliotekwa waliicheza, na askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, waliicheza pia. Vita vilipokwisha Novemba 1918 kila mmoja aliirudisha kwao. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam unabeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza. Beni ni kumbukumbu nyingine ya watu hao hao.

Kazi ya kuliongoza kundi ilikuwa nzito kuliko fahari ya cheo inavyoonyesha. Kingi hakuwa lazima mchezaji bora. Mara nyingi alikuwa mtu mwenye kipato cha hakika, karani, askari mstaafu au mfanyabiashara, kwa sababu upungufu wa mfuko ulimwangukia yeye. Wanachama walitoa kiingilio na ada. Kutoka katika fedha hizo zilinunuliwa ngozi za ngoma, vitambaa vya sare na chakula cha karamu. Siku ya kupokea wageni kutoka mji mwingine, kundi mwenyeji liliwalaza na kuwalisha hadi waondoke. Kingi aliyeshindwa kuwapa wageni pilau ya kutosha alitungiwa wimbo, na wimbo wa namna hiyo ulisafiri na majahazi ukafika bandari nyingine kabla yake.

Chini yake kila cheo kilikuwa na mzigo. Karani aliandika majina, akahesabu fedha na kupeleka barua kwa matawi ya miji mingine, kwani Marini wa mji mmoja waliwatambua Marini wa mji mwingine. Kapteni alifundisha hatua. Alikuwa na filimbi au fimbo, na mazoezi yake ya jioni yalikuwa makali kama ya kambini. Daktari aliwatembelea wagonjwa kwa niaba ya kundi. Wanawake walikuwa na safu yao na malkia wao, na katika miji mingi wao ndio waliobeba uzito wa kupika na wa kuitikia nyimbo. Juu ya wote hao, bila cheo cha kijeshi wakati mwingine, alikuwa manju, mtunzi wa nyimbo. Manju ndiye aliyejua nani amefumaniwa, nani amefilisika na nani amejikomba kwa bwana shauri, na ndiye aliyejua kulisema jambo kwa fumbo ili anayehusika achomwe na mpita njia asielewe. Kingi mwenye busara aliketi na manju wake kabla ya mashindano na kukubaliana ni wapi pa kuishia, maana ubeti uliovuka mpaka uliweza kuleta magongo.

Nidhamu ililindwa kwa faini. Aliyechelewa gwaride, aliyekuja na sare chafu au aliyegombana hadharani alilipa, na aliyeonyesha juhudi alipandishwa cheo. Mfumo huu ulikuwa na maana ya pekee kwa watu waliofanya kazi katika ofisi na kambi ambamo Mwafrika hakuweza kupanda zaidi ya ngazi fulani. Ndani ya beni, mpishi wa Mzungu aliweza kuwa jenerali, akapigiwa saluti, na akaamua mashauri ya watu mia. Wapo walioucheka utaratibu huo. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 ndicho utafiti mkubwa zaidi juu ya ngoma hii, alionyesha kwamba ulikuwa shule ya uendeshaji wa vyama: kuitisha kikao, kutunza hazina, kuandika barua, kuchagua na kuondoa viongozi. Hukumu hiyo ni ya haki.

Kazi ya mwisho ya kundi, na pengine iliyowafunga wanachama zaidi, ilikuwa kuzika. Mjini, mtu wa kutoka bara au kutoka delta angeweza kufa bila ndugu karibu. Kundi lilinunua sanda, likamsindikiza, likalisha waliohudhuria matanga, likapeleka habari kwao. Mgeni aliyefika mjini bila mwenyeji naye alijua pa kwenda: aliulizia ngoma, akataja upande wake, akapewa mkeka.

Serikali ya Kiingereza, iliyoichukua nchi baada ya vita, iliutazama mtandao huo kwa mashaka. Maofisa wa upelelezi waliandika taarifa juu ya barua zilizotembea kati ya matawi, juu ya vyeo vya Kijerumani vilivyoendelea kutumika, na juu ya uwezekano wa beni kuwa chombo cha siasa au cha umoja wa Waislamu dhidi ya utawala. Hawakugundua njama. Walichokigundua, bila kukitambua, ni kwamba Waafrika wa makabila mbalimbali walikuwa wamejenga chama cha nchi nzima kwa fedha zao wenyewe.

Wakati huo ngoma ilikuwa inazidi kwenda mbali na pwani. Kusini, pande za Songea, ilizaa mganda. Kuzunguka Ziwa Nyasa ikawa malipenga, ambayo tarumbeta zake ni vibuyu vyenye utando wa buibui unaotetema mpiga akiimba ndani yake. Katika machimbo ya shaba ilichangia kuzaliwa kwa kalela. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell, aliyeiandika kalela mwaka 1956 kutokana na alichokiona Luanshya, mji wa machimbo hayo, alikuta bado ina mfalme, daktari mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, na muuguzi wa kike aliyepita kati ya wachezaji na kioo na leso ili wajipanguse.

Pwani yenyewe ilianza kuichoka katika miaka ya 1930. Mdororo wa uchumi ulifanya karamu kuwa mzigo usiobebeka. Vijana waliosoma walivutwa na dansi, na suti na gitaa vikawa fahari mpya. Wengine walihamishia uhasama wa mitaa kwenye mpira wa miguu. Mashindano hayakufa, yalibadili uwanja. Makundi yaliyobaki yalikuwa ya wazee, na sare zao zilipochakaa hazikushonwa nyingine.

Ujuzi wa kuongoza, hata hivyo, ulikuwa umetapakaa katika vikundi vya ngoma vya kila namna, na chama cha siasa cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 kiliukuta tayari. Mfano ulio dhahiri kuliko yote unahusu Rufiji moja kwa moja. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma la Bombakusema kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955. Alipotumwa kuwaingiza wanawake katika chama hakwenda nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, kila mmoja akamletea watu wake, na katika miezi michache wanachama wanawake walihesabiwa kwa maelfu. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Rufiji, kiti alichokipoteza katika uchaguzi wa 1965.

Miaka michache baadaye bonde la Rufiji lenyewe lilipangwa upya. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu wengi kutoka mashamba yao ya mabondeni na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa kwenye nyanda za juu. Walioishi mbalimbali kando ya mto sasa walipanga nyumba zao kwa mistari, na ngoma zilizotegemea ujirani wa zamani, za jando, za unyago na za mavuno, ilibidi zitafutiwe viwanja vipya na watu wapya wa kuitikia.

Beni kwa jina lake inaonekana leo zaidi Unguja, ambako beni ya Mbwa Kachoka hutoka siku za sherehe na sare zake za mchanganyiko, ikiburuta nyuma yake watoto wa mitaa. Bara, katika mkoa wa Pwani na jijini Dar es Salaam, gwaride limehamia harusini kwa jina la matarumbeta: kundi la vijana wenye tarumbeta za shaba, ngoma kubwa na ngoma ndogo, hupanda nyuma ya kirikuu au pikapu iliyo wazi na kutangulia gari la maharusi kutoka nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini. Kiongozi wao hana cheo cha kanali. Hupatana bei na wenye shughuli, hupokea malipo ya kwanza, huhakikisha gari lina mafuta, hugawa sare, na barabarani husimama akiwaelekea wapigaji, mgongo wake ukiwa kwenye kibanda cha dereva, akiwaonyesha kwa mkono lini wabadili wimbo. Fedha wanazotunzwa njiani hupokelewa na mtu mmoja aliyechaguliwa, na hugawanywa usiku baada ya ala kurudishwa na kuhesabiwa.